Nendeni Mkagombane Kwanza

Nchi ninayoisimulia ina jina zuri sana, ila sina ruhusa ya kulitamka. Jina hilo liko mahakamani. Nchi jirani inadai ni lake, na hadi shauri litakapokwisha sisi wananchi tumeagizwa kusema "hapa kwetu". Basi hapa kwetu mimi ni karani wa Baraza la Migogoro ya Ardhi, katika mji mdogo wa Kitulizo. Mwaka wa kumi na nane huu naandika mihutasari ya Baraza. Kiapo changu kinaniamuru kuandika nilichokiona na nilichokisikia. Kufikiri kunafanyika makao makuu.

Mwaka ninaousimulia alitutembelea Waziri wa Ardhi, Mipaka na Maeneo Mengineyo. Alikuja kwa helikopta, kwa kuwa barabara ya Kitulizo ilikuwa na wenyewe watatu na kila mmoja alikuwa ameweka geti lake. Waziri alipanda jukwaani, akajifuta jasho, akasema:

"Ndugu wananchi! Ardhi ni mama! Sasa nawauliza, mama asiye na hati ni mama wa nani?"

Hatukujua. Tukapiga makofi.

"Kuanzia sasa, kiwanja kisicho na hati ifikapo mwisho wa mwaka ni pori! Hata kama kina nyumba, kina choo, na kina mtu amekaa barazani anapunga mkono!"

Tukapiga makofi tena. Nilikuwa karibu na jukwaa, nikaandika: *Wananchi wamefurahi.*

Kesho yake asubuhi, watu wawili wa kwanza kufika ofisi ya ardhi walikuwa Bi Kalunde Msabila na Fundi Akilimali. Walikuja pamoja, chini ya mwavuli mmoja.

Bi Kalunde alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya mji wetu imeingia duniani kupitia mikono yake, na wengi hadi leo wanamwita Nesi. Fundi Akilimali alikuwa fundi redio. Baraza ya nyumba yake ilijaa redio zilizopasuliwa matumbo, zikizungumza zote kwa pamoja. Walikuwa majirani kwa miaka ishirini na sita. Kati ya viwanja vyao palikuwa na ua wa minyaa ambao waliupanda wenyewe, Fundi akishika kamba upande huu na Bi Kalunde akishika upande ule.

Afisa Ardhi alikuwa kijana nadhifu. Naye pia alizaliwa mikononi mwa Bi Kalunde, ingawa kwenye fomu hapakuwa na nafasi ya kuandika hivyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kutafuta hati, mimi na jirani yangu."

"Vizuri sana. Mpaka wenu uko wapi?"

"Kwenye minyaa," wakajibu wote wawili.

"Nani anaubishia?"

Wakatazamana. "Hakuna," akasema Fundi.

Afisa akaweka kalamu chini, akawatazama kwa huruma. "Basi hamna mpaka."

"Tunao, baba. Tumeupanda sisi wenyewe."

"Mzee wangu, ofisi hii haithibitishi mpaka kwa macho. Mpaka unathibitishwa kwa hukumu ya Baraza la Migogoro. Na Baraza haliwezi kutoa hukumu mahali pasipo na mgogoro. Ni sheria hiyo, sikuitunga mimi."

"Kwa hiyo tufanyeje?" akauliza Bi Kalunde.

"Nendeni mkagombane kwanza," akasema Afisa kwa upole. "Mkishagombana, mrudi. Foleni ya wagomvi ni ile ya dirisha la pili."

*

Wiki ile nilitumwa kupeleka hati za wito. Niliwakuta wamekaa barazani kwa Fundi, wanatunga mgogoro wao kwenye daftari.

"Andika kwamba umesogeza minyaa usiku," alikuwa akisema Bi Kalunde.

"Mimi? Kwa mgongo huu?"

"Wewe ni mwanamume, watasadiki haraka. Mimi nikisema nimesogeza, watauliza nani alinisaidia."

"Haya. Na mimi nitasema kuku wako wamekula waya za redio."

"Kuku gani wanakula waya, Fundi?"

"Kuku wa mgogoro," akasema Fundi. Wakacheka hadi Bi Kalunde akashika mbavu. Nilisimama pale na bahasha zangu. Kanuni inataka karani aeleze hali ya wagomvi wakati wa kupokea wito, na kuna visanduku vitatu vya kuwekea alama: *wana hasira*, *wana hasira sana*, na *hawakuonekana*. Nikaweka alama kwenye cha tatu.

Shauri lilianza kusikilizwa Jumatatu. Mwenyekiti wa Baraza letu, Mheshimiwa Kasindi, ni mtu mwenye kimo kirefu na maneno marefu zaidi. Husema kila shauri ni kioo cha taifa, kisha hulitazama kama mtu anayejinyoa.

Bi Kalunde akaapishwa. Akamgeukia jirani yake, akakohoa kidogo, akasema, "Fundi, uniwie radhi, lakini wewe ni mwizi wa ardhi."

"Simama hapo!" akanguruma Mwenyekiti. "Radhi ya nini? Mwizi anaombwa radhi?"

"Ni mtu mzima mwenzangu, mheshimiwa."

Fundi naye alipoitwa alisema kuku wamekula waya, halafu akashindwa kujizuia, akaangua kicheko. Mwenyekiti aligonga meza. Akatuamuru sote tusimame, kisha akatoa uamuzi mdogo, nao niliuandika neno kwa neno:

"Baraza hili halijaridhika na chuki iliyowasilishwa mbele yake. Baraza linawakumbusha wadaawa kwamba kulidanganya ni kosa la jinai, na adhabu yake ni viwanja vyote viwili kutwaliwa. Wadaawa warudi nyumbani wakachukiane kwa dhati. Ijumaa tutakwenda kulikagua eneo lenyewe."

Siku hiyo walirudi nyumbani chini ya mwavuli uleule, lakini hawakuongea.

*

Ijumaa tulikwenda. Mwenyekiti alitangulia, nyuma yake Afisa Ardhi na kamba ya kupimia, kisha mimi na daftari. Tuliufuata ua wa minyaa kuanzia barabarani. Ulikuwa umenyooka kama mstari wa rula. Lakini kule chini, karibu na mwisho wa viwanja, ua uliacha mstari. Ulipinda ukaingia ndani ya kiwanja cha Bi Kalunde hatua nne, ukazunguka, kisha ukarudi kwenye mstari wake. Ndani ya mpindo huo, upande wa Fundi, palikuwa na kaburi lililopakwa chokaa, na mrehani umeota kichwani na miguuni.

"Huyu ni nani?" akauliza Mwenyekiti.

"Mke wangu, mheshimiwa," akasema Fundi. "Mwajabu."

Mji mzima ulijua habari ya kaburi lile. Mwajabu alipofariki ilikuwa masika. Watu walichimba kwenye kiwanja cha Fundi, wakafika magotini wakagonga mwamba. Wakahamia pengine, mwamba. Mvua inanyesha, jeneza liko barazani katikati ya redio, na kwa mara ya kwanza redio zote zilikuwa zimezimwa. Ndipo Bi Kalunde akapiga kelele kutoka upande wake: "Njooni huku! Huku kuna udongo!" Wakamzika kwake. Baada ya arobaini, Bi Kalunde mwenyewe alichukua panga na jembe, akaung'oa ule ua mahali pale, akaupanda upya kwa kuuzungusha, ili jirani yake aweze kumzuru mkewe bila kuomba njia kwa mtu.

Nilikuwepo siku ya maziko. Lakini nilikuwepo kama mwananchi, na ushahidi wa mwananchi haumo kwenye daftari la karani.

"Ua umepinda," akasema Mwenyekiti, na uso wake ukang'aa. "Afisa, ua umepinda!"

"Umepinda, mheshimiwa," akathibitisha Afisa.

"Sasa tunaanza kuelewana. Ua haupindi wenyewe." Akaagiza viti. Tukakaa palepale, kiti cha Mwenyekiti kikiwa miguuni mwa kaburi, na shauri likaendelea.

Afisa Ardhi alimsogelea Bi Kalunde, akamnong'oneza. Nilikuwa jirani nao, nikasikia. "Mama, sikiliza vizuri. Ukisema ulimpa kipande hiki, umegawa ardhi bila kibali cha Waziri. Mtapoteza vyote, wewe na yeye. Jibu moja tu ndilo litawaokoa."

"Mdai," akasema Mwenyekiti, "kaburi hili limo ndani ya eneo lako la asili?"

"Limo."

"Ulimruhusu mdaiwa amzike mkewe hapa?"

Bi Kalunde alitazama mrehani. Akatazama nyumba yake, akatazama nyumba ya jirani yake.

"Jibu, mama. Ulimruhusu, hukumruhusu?"

"Sikumruhusu."

Alilisema polepole, na Mwenyekiti akataka alirudie kwa sauti ya kusikika. Akalirudia.

Fundi Akilimali alijua sababu ya jibu lile. Yeye pia alikuwa amenong'onezwa. Hata hivyo nilimwona akishika ukingo wa kiti chake kwa vidole vyake vile vya kuunganisha nyaya nyembamba kama nywele.

Ikawa zamu yake.

"Mdaiwa, mkeo amezikwa kwenye ardhi ya nani?"

"Yangu, mheshimiwa."

"Huyu mama anasema ni yake. Alikupa?"

"Hakunipa."

"Je, amewahi kukupa chochote? Wewe au marehemu? Fikiri vizuri. Baraza linataka kujua kama kulikuwa na mazoea ya kupeana vitu kati ya viwanja hivi."

Hapo ndipo nilipotamani kalamu yangu iishe wino. Maana Mwajabu aliugua miezi saba, na miezi yote saba ni Bi Kalunde aliyekuwa akimwogesha, akimgeuza kitandani na kumlisha uji kwa kijiko.

"Hajawahi," akasema Fundi.

"Hata maji ya kunywa?"

Fundi alilitazama kaburi. Afisa akakohoa.

"Hata maji," akasema Fundi.

Mwenyekiti akafunga faili lake kwa kuridhika. "Sasa huu," akasema, "ndio mgogoro."

Kalamu yangu haikuisha wino.

*

Nadhani walikuwa wamekubaliana kwamba shauri likisha watakaa barazani walicheke. Lakini siku ile kila mmoja aliingia kwake akafunga mlango. Siku ya pili Bi Kalunde alikuja ofisini peke yake akaomba kufuta shauri. Saa moja baadaye Fundi akaja na ombi lilelile. Hakuna aliyejua kwamba mwenzake amekuja. Niliwaeleza wote wawili kama nilivyofundishwa: kufuta mgogoro ni kukiri kwamba haukuwepo, kukiri kwamba haukuwepo ni kukiri kwamba Baraza lilidanganywa, na adhabu ya kulidanganya Baraza wanaijua.

"Kwa hiyo hata tukipatana ni kosa?" akaniuliza Bi Kalunde.

"Kupatana si kosa, Nesi. Kosa ni kupatana kabla ya hukumu."

"Na baada ya hukumu?"

Nikamwambia kanuni hiyo iko ukurasa mwingine.

*

Hukumu ilikuwa na kurasa arobaini. Thelathini na nane za mwanzo zilieleza historia ya udongo tangu kuumbwa kwa dunia. Watu wengi walilala. Kwenye ukurasa wa thelathini na tisa Mwenyekiti alipandisha sauti, nasi tukaamka.

"Baraza limemsikiliza mdai, ambaye kwa kiapo amesema kipande hiki si cha mdaiwa. Baraza limemwamini, kwa kuwa ni mama mwadilifu. Baraza limemsikiliza pia mdaiwa, ambaye kwa kiapo amesema kipande hiki si cha mdai. Baraza limemwamini vilevile, kwa kuwa ni mzee mkweli. Basi, kwa kuwa pande zote mbili zimesema kweli, kipande hiki si cha yeyote kati yao. Na kitu kisicho cha mtu, ndugu zangu, tunajua ni cha nani."

Tukasimama kwa heshima ya Serikali.

Serikali haipendi kubanwa, kwa hiyo ilipewa pia hatua kumi kila upande wa ua, kutoka barabarani hadi mwisho, kwa ajili ya kupumulia. Upande wa mashariki hatua kumi zilichukua jiko la Bi Kalunde na tangi lake la maji. Upande wa magharibi zilichukua baraza ya Fundi yote, pamoja na ukuta ulioshikilia paa. Minyaa ikang'olewa, maana haikuwa na kazi tena. Ukawekwa uzio wa waya, na kibao: ENEO LA AMANI. USIINGIE.

Kuhusu kaburi, Baraza lilionyesha ubinadamu mkubwa. Marehemu Mwajabu hakuhamishwa. Alitambuliwa rasmi kuwa mkaazi pekee wa eneo lile ambaye hajawahi kuwa na mgogoro na mtu. Mumewe anaweza kumzuru kwa kibali, na kibali kinatolewa mara moja kwa mwaka, endapo mwombaji ataambatisha barua ya mwenyeji kukubali kutembelewa.

Hati walipata. Waziri alikuja mwenyewe kuzigawa, zikiwa za kwanza Kitulizo. Alisimama katikati yao, akawashika mikono akaiunganisha, akawaambia wapiga picha, "Mnaona? Huu ndio utatuzi!" Fundi alikuwa ameinamisha macho kwenye viatu vyake. Bi Kalunde alikuwa akimtazama Fundi usoni. Kwenye gazeti waliandika kwamba alikuwa akilia kwa furaha.

*

Ile kanuni ya ukurasa mwingine ni hii: wadaawa waliomaliza mgogoro hawaruhusiwi kuzungumza kwa muda wa mwaka mmoja, isipokuwa mbele ya karani wa Baraza, ambaye ataandika kila kinachosemwa, ili mgogoro usizaliwe upya.

Mwezi wa tatu baada ya hukumu Bi Kalunde alijaza fomu ya kuomba mazungumzo. Sehemu ya *sababu* aliandika neno moja: *Mwajabu*.

Tulikutana kwa Fundi, chumbani, maana baraza haikuwepo tena. Redio zilikuwa zimerundikwa juu ya kitanda. Bi Kalunde alikuja na birika la chai na vikombe viwili. Aliponiona akarudi kwake kuchukua cha tatu, kwa kuzunguka barabarani, kwani uzio ulikuwa umeziba njia ya mkato. Ilimchukua muda.

Alipokaa, akaweka mikono magotini.

"Fundi."

"Naam, Nesi."

"Ile siku. Lile neno nililolisema pale kwa Mwajabu..."

Nikainua kalamu. Sikukusudia kumkatiza, ni kazi tu. Lakini nilikuwa na wajibu wa kumtahadharisha, nikamtahadharisha: kama atasema kwamba alilolisema kwa kiapo halikuwa kweli, nitalazimika kuliandika, na nikiliandika shauri litafunguliwa upya, safari hii la jinai, dhidi yao wote wawili.

Nilimwona akitafuta njia nyingine ya kulisema, kama mtu anayezunguka nyumba akijaribu kila dirisha.

"Nilitaka kukwambia tu kwamba..." Akanitazama. "Hivi, karani, naweza kumwomba samahani bila kutaja nimekosa nini?"

Nikapekua kanuni. "Samahani inahesabiwa kuwa kukiri," nikasema. "Iwe na sababu, isiwe na sababu."

Macho ya Fundi yalikuwa yamelowa. Akanyoosha mkono, akachukua birika, akammiminia jirani yake chai.

"Usiseme, dada yangu," akasema. "Kunywa chai."

"Na wewe lile lako..."

"Nami pia sisemi. Kunywa."

Wakanywa. Nami nikanywa. Ilikuwa na tangawizi. Birika lilipoisha, Bi Kalunde akakusanya vikombe, akaondoka kwa kuzunguka barabarani.

Kwenye ripoti nikaandika: *Wadaawa wamekunywa chai.*

*

Ripoti ilirudi kutoka makao makuu baada ya siku nne, ikiwa na wino mwekundu pembeni: *Fafanua. Chai ilikuwa ya nani? Birika liliwekwa upande wa nani? Kwa nini mmoja alimmiminia mwenzake, wakati imeshaamuliwa kwamba hakuna mazoea ya kupeana vitu kati ya viwanja hivi? Rudi eneo la tukio uwahoji. Wakikataa kuhojiwa, tekeleza kanuni ya nyumba tupu.*

Kanuni ya nyumba tupu ni fupi. Nyumba ikipigiwa hodi mara tatu na isiitikie, huhesabiwa haina mtu, na kiwanja chake kinarudi Serikalini siku hiyohiyo.

Nikaenda. Nilianza kwa Bi Kalunde. Nilipiga hodi. Kimya. Nikapiga tena. Ndani nikasikia kiti kikisogezwa taratibu, kisha pumzi ya mtu aliyesimama nyuma ya mlango.

Nikazunguka barabarani hadi kwa Fundi. Nikapiga hodi. Redio moja iliyokuwa ikisema ikazimwa ghafla. Nikapiga ya pili. Nikaona kivuli chini ya mlango, miguu miwili, haisogei.

Nilisimama pale muda mrefu, mkono wangu umeinuliwa. Nilikuwa na kalamu mfukoni, daftari kwapani, na kiapo changu cha miaka kumi na minane.

Kisha nikarudi ofisini nikaandika kwamba nilipiga hodi mara mbili, na kwamba nitakwenda tena kesho. Niliandika hivyo kesho yake pia, na siku iliyofuata. Naandika hivyo hadi leo, na sijui makao makuu yataanza lini kuzijumlisha hodi hizo.